Yuzu za Friza na Chumba cha Lusail

Mimi ndiye niliyemtafutia kazi. Hilo lisemwe mwanzo kabisa, kwa sababu baadaye watu wote walilisahau isipokuwa yeye, na yeye alilikumbuka mno. Kila saa asante dada, asante dada, mpaka hizo asante zenyewe zikaanza kuniwasha.

Tulikutana kwenye duka la Mhindi mmoja kule Al Rayyan, sote wawili tumeshika pakiti ile ile ya unga wa ugali, ya mwisho kwenye rafu. Kabla hajamaliza kusema samahani nilishajua ni mtoto wa Nairobi. Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na kwetu mgeni hupewa. Nikamwachia unga. Ningejua yanayokuja ningeushikilia kwa mikono miwili.

Wakati huo alikuwa mlinzi wa duka kubwa la nguo, anasimama mlangoni mchana kutwa na viatu vya kampuni vinavyomchubua. Mimi nilikuwa mkongwe wa mji. Niliingia Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ndoa yangu imevunjika bila mtoto, nikafanya kazi za nyumba kwa familia moja, kisha nikapata hoteli. Hotelini nilianza na sufuria chafu. Nikapanda kwenye kumenya na kukatakata, nikapanda tena mpaka meza ya baridi, ile sehemu ya jiko inayotoa saladi, samaki wabichi na vitamu. Mkahawa wetu ulikuwa wa Kijapani, ghorofa ya juu kabisa West Bay, na mpishi mkuu alikuwa Mjapani mwenyewe, mtu wa maneno machache ambaye akikasirika hapigi kelele, anagonga meza kwa kidole kimoja. Nilimwendea nikamwambia kuna msichana wa kwetu, ana mikono myepesi, hana uvivu. Akanitazama, akasema mlete.

Basi akaja, akawa msaidizi wangu. Akapewa na kitanda kando ya changu, katika chumba cha wanawake wanne kwenye nyumba za wafanyakazi. Mlangoni mwa kabati lake alibandika picha ya binti yake mdogo aliyemwacha kwa mama yake. Mtoto mwenyewe ana mashavu, kavaa gauni la kuazima. Kila asubuhi kabla ya kupanda basi la kampuni aligusa ile picha kwa vidole viwili. Mwaka wa kwanza nilimpenda sana, nisiseme uongo. Nilimfundisha kushika kisu, kunoa kisu, na kunyamaza mbele ya Shefu, ndivyo tulivyomwita mpishi mkuu. Tulikula sahani moja.

Halafu zikaja habari za Lusail.

Kule kaskazini walikuwa wanajenga mji mzima kutoka mchangani, na kampuni yetu ilikuwa inafungua mkahawa wa pili huko. Mpishi mkuu angehamia kuusimamisha, na kutoka meza yetu angemchukua mtu mmoja awe msimamizi wa meza ya baridi. Cheo ni kizuri, lakini si cheo kilichonikosesha raha. Msimamizi wa meza alikuwa anapewa chumba cha peke yake.

Asiyewahi kukaa chumba cha watu wanne miaka nenda miaka rudi hawezi kunielewa. Nilikuwa nimesahau kuvua nguo bila kujifunika shuka. Nilikuwa naamshwa na saa ya mtu anayeingia zamu mimi nikiwa ndio nimelala. Nikitaka kulia nilingoja bafu liwe tupu, na bafu halikuwa tupu. Nilitaka kuswali bila kuruka miguu ya mtu. Nilitaka mlango wenye ufunguo mmoja, na ufunguo huo uwe wangu. Niliutaka mlango huo kuliko nilivyowahi kumtaka mume, na watu wote jikoni walijua, kwa maana sikuwa na siri nao. Kwa zamu na kwa umri, hapakuwa na mwingine. Mimi mwenyewe nilishaanza kukitandika chumba hicho moyoni.

Ndipo zikaja yuzu.

Zilifika kwa ndege, ndani ya boksi la barafu, ngumu kama mawe ya mtoni. Ni matunda madogo ya manjano, ngozi ina vinundu, yamekaa katikati ya danzi na ndimu. Mpishi mkuu alilifungua boksi taratibu mno, akatueleza kwa Kiingereza chake kifupi kwamba kwao tunda hili lina msimu mfupi, na bichi haliruhusiwi kusafiri ovyo, kwa hiyo hugandishwa zima zima na maganda yake. Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Nilipoziona tu nilisema, haya, Mungu kaniletea kwetu.

Kwa sababu mimi na ndimu tumelelewa pamoja. Kwetu ndimu iko kwenye samaki, iko kwenye mshikaki, iko kwenye kachumbari na kwenye supu ya mgonjwa. Bibi yangu alianika achari ya ndimu juani mpaka mtaa mzima ukawashwa koo. Yule msichana kwao limau lilikuwa la mafua. Alinisimulia mwenyewe kwamba walikuwa wakilikata vipande, wakalitia kwenye maji moto, basi, shughuli imekwisha. Sasa wewe niambie nani alistahili kukabidhiwa yuzu.

Mpishi mkuu akatuita wote wawili. Akakwaruza ganda kidogo kwenye greta ndogo ya chuma, akatuwekea unga wake wa manjano kwenye kiganja, akasema tunuse tumwambie tunachonusa. Mimi sikupoteza wakati. Nikasema, ndimu. Nikaongeza kwamba naijua vizuri.

Yeye akafumba macho. Akanusa, akangoja, akanusa tena, mpaka nikataka kumfinya. Mwishowe akasema, "Shefu, ni kama chenza, halafu kuna kitu chungu nyuma yake, halafu kuna maua. Sijui. Sijawahi kunusa kitu kama hii."

Mpishi mkuu akaitikia kwa kichwa, akachukua ufunguo wa ile friza ndogo ya matunda ghali, akampa yeye. Mimi akanipa figili nyeupe nikate.

Nasema kweli, nilihisi kitu kinaingia hapa, chini kidogo ya koo, kikakaa. Watu wa kwetu hukiita kijiba cha roho. Mwenye kujua kakatishwa figili, asiyejua kapewa ufunguo. Nilikata zile figili siku hiyo kama zilizonitukana.

Tangu hapo ikawa yuzu, yuzu, yuzu. Yeye ndiye aliyezitoa kwenye friza moja moja, akazikwaruza zikiwa bado zimeganda, haraka haraka, kisha akairudisha iliyobaki barafuni kabla haijatoa jasho. Lile ganda lilianguka juu ya samaki mbichi kama vumbi la dhahabu, ndivyo wateja walivyosema, mimi niliona ganda tu. Chembe kidogo kwenye bakuli la supu, na kifuniko kikifunuliwa mvuke ulipanda na harufu, mteja akafumba macho. Maji yake, ambayo ni machache sana, yalichanganywa na sosi ya soya ikawa ya kuchovya nyama. Yalitiwa kwenye kastadi. Yalitiwa kwenye sharbati ya barafu wakati wa joto la Agosti, wakati ambapo nje ukishika kitasa cha gari unaungua. Kila kitu kilipendwa, na kila kilichopendwa kilikuwa chake.

Lililoniua kabisa lilikuwa kuitwa mezani. Palikuwa na bibi mmoja Mqatari, mtu mzima, abaya nzuri, kisukari kinamsumbua, na kila akija alitaka kitu chenye ladha kisicho na sukari. Siku moja aliuliza ndani ya kinywaji cha yuzu alicholetewa mna nini, na mhudumu akaja kumwita yule msichana wangu. Akatoka kuzungumza na mteja na aproni yake, mimi nachungulia kwenye dirisha la mlango wa jiko. Akamweleza kwamba vitamini C iko nyingi kwenye ganda kupita maji yake, na ule utando mweupe una nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, ndiyo maana hawatupi kitu. Akamweleza pia kwamba si dawa, asiache vidonge vyake. Yule bibi akamshika mkono. Baada ya hapo akija hakuuliza samaki gani wapo, aliuliza yule binti yuko zamu?

Mimi nilijua faida za ndimu kabla huyo hajaota meno. Hakuna aliyewahi kuniita mezani.

Nikabadilika. Nilikuwa na desturi ya kumwekea chai kwenye chupa tukirudi zamu tofauti. Nikaacha. Akicheka na wenzake mimi nakohoa. Akiniuliza jambo namjibu kwa neno moja, na kama neno moja ni refu namjibu kwa nyusi. Unajua alifanya nini? Alidhani naumwa. Akaninunulia dawa ya kifua, akaniwekea juu ya mto. Hasidi hana sababu, nakubali, lakini na ninaowahusudu wawe na huruma kidogo, wasininunulie dawa.

Siku ikafika ya wakubwa wa ofisi kuja kuonja vyakula vya mkahawa mpya. Kila mtu alijua kwamba baada ya maonjo hayo mpishi mkuu atataja jina la mtu wa Lusail. Na asubuhi hiyo, kwa bahati, yule msichana alikuwa na miadi ya alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho chake, angechelewa. Akaniachia ufunguo.

"Dadangu, shika hii," akasema. "Nitarudi mapema, Mungu akipenda. Usitoe kitu, Shefu mwenyewe atasema."

Usitoe kitu. Mimi. Aliyemfundisha kushika kisu.

Mpishi mkuu alikuwa mkutanoni na wakubwa. Meza ilikuwa yangu, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, nikaona leo ndiyo leo. Wakirudi watakuta kazi imekwisha, nao watajua nani anayejua ndimu. Nikazitoa yuzu zote kwenye friza. Ngumu, baridi, hazinukii. Kwetu ndimu ikiwa ngumu haina maana, haitoi maji. Bibi yangu aliiweka kando ya jiko ipate moto kidogo, kisha akaifikicha chini ya kiganja juu ya meza, akiikandamiza na kuizungusha, mpaka ikalegea. Kisha unaikata, na maji yanatoka yenyewe. Hakuna mtoto wa kike wa kwetu asiyelijua hilo. Kwa hiyo nikajaza beseni maji ya uvuguvugu, nikazitia zote, na zilipolainika nikazifikicha moja moja.

Na harufu ilipanda, wallahi. Jiko zima likanukia, waosha vyombo wakaja kuchungulia, nami nikasema moyoni, mmeona? Sikufikiri kwamba harufu iliyo hewani ndiyo hiyo haimo tena kwenye tunda. Nikakata ya kwanza. Mbegu. Nikakata ya pili, mbegu, nene, zimejaa kama zimepangiwa kikao humo ndani. Nilikamua beseni zima nikapata maji ya kufunika chini ya kikombe. Maganda yakalegea, yakawa na utelezi, ukiyapeleka kwenye greta yanajikunja na kushikana. Nikajaribu tena, nikajikwaruza kidole.

Hapo ndipo alipoingia, kitambulisho bado mkononi. Akalitazama beseni.

"Umezitoa zote, dada?"

"Zote."

"Hata zile za leo?"

"Nimekwambia zote. Kwani mimi sijui kazi?"

Ningefurahi angenifokea. Alikwenda kwenye friza, akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka bega, akakwangua barafu ya chini na kijiko, akatoka na yuzu mbili zilizokuwa zimegandia huko pembeni. Hizo akazificha kwenye kibakuli cha barafu. Kisha akavuta beseni langu, akaanza kukata yale maganda legevu nyuzi nyembamba nyembamba, mbegu akizifunga kwenye kitambaa, vyote kwenye sufuria na asali.

"Dada, koroga hii," akasema. "Usiache ishike chini. Mbegu ndizo zitaifanya iwe nzito."

Nikakoroga. Ningefanya nini?

Mpishi mkuu akaingia. Akaona beseni, akaona kikombe, akaona friza wazi. Kidole chake kikashuka mezani, to, to, to. Akauliza ni nani.

"Tumezitoa sisi wawili, Shefu," yule msichana akasema, hata hakuinua uso kwenye ubao wake. "Za kupika na asali. Za kukwaruza ziko hapa."

Mpishi mkuu akanitazama vidole. Vilikuwa vimekunjamana kwa maji, cha shahada kinavuja damu. Akarudi kwa wakubwa.

Wakubwa walikula, wakasifu. Ganda la zile yuzu mbili lilitosha samaki na supu. Mwisho yule msichana akawapelekea vikombe vidogo vya maji moto yenye kijiko cha yale maganda ya asali, na hicho ndicho walichokisifu zaidi ya vyote. Mmoja alikuwa na kikohozi cha vumbi, akaomba kingine. Mpishi mkuu akatusifu wote wawili kwa pamoja, na nilipoinama kushukuru nilitamani sakafu ipasuke.

Kwenye basi la kurudi Al Rayyan nilimgeukia. "Nani alikutuma unisemee?"

"Hakuna, dada."

"Basi kwa nini umesema sisi?"

Akashangaa kabisa. "Si ni wewe ulinitoa kwa ile gate ya duka? Kama ni mimi ningekosea, wewe ungesema nini?"

"Sikukutoa getini uje unilipe."

"Sikulipi. Wacha stress, dadangu. Yuzu zimeisha, zitakuja zingine."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalala. Alikuwa hodari wa kulala popote. Mimi nilikaa macho mpaka kituo chetu, nikijiuliza jinsi gani mtu anaweza kukuokoa na bado usimsamehe. Adui akikupiga unajua pa kumweka. Huyu alinifunika kwa shuka lake mbele ya watu, na sasa kila nikimwangalia nalihisi lile shuka mgongoni.

Siku zilizofuata jiko zima lilikuwa limeshampeleka Lusail. Wafilipino wa meza ya moto walimwita bosi kwa utani. Mwenzetu mmoja chumbani, Mganda mlezi wa watoto wa wageni hotelini, aliniambia kwa upole kwamba chanda chema huvikwa pete, nami nikamwuliza changu kimeoza? Nilikuwa naingoja habari hiyo kama watu wanaongoja maiti itolewe hospitali. Nilishapanga maneno ya kumpongeza, mafupi, na uso wa kuyasemea.

Mpishi mkuu akaniita ofisini kwake, chumba kidogo kando ya stoo ya mchele. Akasema, "Lusail. Wewe. Mwezi ujao."

Nilisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka akashtuka. Nilitoka pale shingo yangu imerefuka. Nikapita mbele ya yule msichana polepole, nikapanga visu vyangu kwa kelele, nikampigia simu kila mtu ninayemjua Mombasa na wengine nisiowajua vizuri. Mpaka leo sijawahi kulewa, lakini nadhani hali ni ile. Nilishinda. Tena nilimshinda yeye na ufunguo wake, na yule bibi wake wa abaya.

Kwenye basi nilimwachia nafasi dirishani, kwa ukarimu wa mshindi. Nikamwambia, "Usivunjike moyo, mdogo wangu. Riziki haivutwi kwa kamba. Na wewe zamu yako itafika."

Akacheka kidogo, akanishika mkono. "Nimefurahi sana, dada. Nimefurahi hata kuliko wewe."

Kulikuwa na kitu katika namna alivyosema. Sikuwa na akili ya kunyamaza. Nikamwuliza, "Wewe ulijuaje? Sijakwambia."

Akageukia dirishani. Nje malori ya ujenzi yalikuwa yamefunga njia na basi limesimama.

"Shefu aliniita kabla yako," akasema. "Nikamwambia siwezi. Naenda home."

"Likizo?"

"Hapana. Naenda kabisa. Mtoto ameanza kuniita auntie, dada. Nikipiga simu anamwambia nyanya yake, cucu, ni ile auntie ya Doha. Nimevumilia, nimeona sitaweza. Nikamwambia Shefu akupe wewe, hakuna mtu anaijua hiyo meza kama wewe."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka ujue. Sasa umeuliza."

Basi likaanza kwenda. Nilitakiwa kumwambia pole. Nilitakiwa kumwambia asante, hilo neno alilonichosha nalo. Nikasema, "Haya, Mungu akujaalie," nikageukia upande wa pili, ambako hapakuwa na cha kutazama ila ukuta wa zege.

Nilitaka anyang'anywe. Sikutaka aache. Mtu akinyang'anywa unakipata kitu kikiwa na uzito wake wote, unakishika, unajua kwamba kilikuwa na thamani kwa wawili. Yeye alikiweka chini, akafuta mikono, akaniambia chukua. Chumba nilichokitamani miaka yote kilikuwa kwake ni kitu cha kukataa kwa sentensi moja. Nilipokea makombo, tena makombo ya mtu niliyemwachia unga.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, wenzake wa chumba wote. Alikuwa na begi moja na mdoli mkubwa asiyeingia kwenye begi, amemkumbatia. Alinikumbatia na mdoli katikati yetu. Alilia yeye, sikulia mimi. Nilikuwa namwangalia yule mdoli, bei rahisi, macho ya kioo, na nikaona kwamba hata safari yake naionea wivu. Tiketi yangu ya likizo ilikuwa ikinipeleka Mombasa kila ikifika, na walinipokea vizuri, wakagawana nilivyoleta, kisha baada ya siku chache wakarudi kwenye shughuli zao nami nikawa mgeni wa kukaa kibarazani. Hakuna aliyekosea jina la kuniita. Hapakuwa na aliyekuwa akiniita mara nyingi vya kutosha mpaka akosee.

Lusail nilihamia mwezi uliofuata kama ilivyosemwa. Chumba kilikuwa kidogo, kipya, kinanukia rangi, dirisha linaangalia kreni na barabara isiyo na magari. Nilitandika mswala katikati ya sakafu, pakabaki nafasi pande zote. Nilifunga mlango kwa ufunguo wangu, nikaufungua, nikaufunga tena. Ulifanya kazi.

Kazini nilikuwa mzuri, sitajidharau. Yuzu zilikuja na mimi ndiye niliyezitunza. Nilizikwaruza zikiwa zimeganda, haraka, nikazirudisha barafuni, na mbegu sikutupa hata moja, nilizifunga kwenye kitambaa za kupikia na asali. Niliitwa mezani. Nilieleza habari za ganda na vitamini na nyuzinyuzi, nikaongeza kwamba si dawa, wateja wakaitikia kwa vichwa. Mpishi mkuu aliridhika. Mara moja moja alisema, alipoonja kitu, "Ndiyo, hivi. Kama alivyokuwa anafanya." Hakukusudia ubaya. Nilitabasamu nikaenda kukata figili ambazo hakuna aliyeziagiza.

Alinipigia simu Ijumaa moja mchana, siku yangu ya mapumziko, miezi kadhaa imepita. Alikuwa amepata kazi kwenye mkahawa mdogo karibu na kwao, mshahara si kitu, alisema, lakini anarudi nyumbani jioni. Aliniuliza kama chumba ni kizuri. Nikamwambia ni kizuri sana, kina dirisha, kina bafu lake, hutaamini utulivu wake. Nilimsifia chumba kile mpaka nikakiongezea na zulia ambalo hakikuwa nalo. Nilitaka atamani. Nilitaka aseme, lo, ningalijua. Nilingoja.

"Unastahili, dada," akasema. "Kweli kabisa. Hebu ngoja kidogo, huyu ananisumbua."

Akaiweka simu mahali, juu ya meza labda, bila kuikata. Nikasikia kiti kikisogezwa. Nikasikia mtoto akilalamika kwamba kiatu kinambana, na sauti ya mama yake ikimwambia akae chini, alete mguu, si huo, ule mwingine. Mtoto akasema kinauma. Akaambiwa avumilie kidogo, ni kamba imekazwa vibaya. Kisha wakacheka wote wawili, kitu gani sijui, sikukiona.

Hapo ndipo wivu uliponishika sawasawa, ule mwingine wote ulikuwa mazoezi. Nilikuwa nimekaa kitandani, mlango umefungwa, hakuna wa kunisikia, na kilio nilichokiweka akiba miaka yote kilikuwa na nafasi yake sasa. Nikabana pumzi ili nisikie vizuri. Kiatu kingine kilikuwa kinavalishwa. Sikukata simu.